Radhi ya Mkunguni

Bi Thuwaiba alifungua dirisha asubuhi apate mwanga wa kushonea, na uso wa kwanza kukutana nao ulikuwa wa mumewe wa zamani, umebandikwa kwenye ukuta wa jirani, unacheka meno yote. Mita mbili tu, maana vichochoro vya Langoni, hapa kisiwani Amu, ndivyo vilivyo, ukinyoosha mkono wampa wa ng'ambo chumvi. Chini ya picha imeandikwa kwa herufi kubwa: ABDULWAHID SHEE, MTU WA DINI, MTU WA FAMILIA, MTU WENU. Pembeni yake mke mpya na watoto pacha, wamevalishwa sare kama seti ya vikombe.

Meno hayakumkera. Mke mpya hakumkera, ashamzoea, miaka tisa si haba. Kilichofanya sindano imponyoke mkononi ni kofia.

Kofia ile aliijua kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Ilikuwa kofia ya kushonwa kwa mkono, zile za vitundu, ambazo mshonaji hutoboa kitundu akakizungushia uzi, kisha kingine, kisha kingine, miezi minne kwenye kofia moja mpaka macho yanataka kudondoka. Na upande wa kushoto, juu ya sikio, palikuwa na vitundu kumi na vinne vilivyochorwa kwa penseli tu, havijatobolewa. Picha yenyewe kubwa kama mlango, na kamera za siku hizi hazina siri. Bi Thuwaiba alivihesabu mara mbili.

Aliyeiacha kofia ile nusu ni yeye. Na hakuwa akimshonea Abdulwahid. Alikuwa akimshonea baba yake.

Akamwita bintiye, aje na simu. Kumwambia Amal aje na simu ni kama kumwambia aje na mikono. Msichana wa miaka ishirini na tatu, mwalimu wa chekechea, simu haimtoki hata akisugua ukoko wa sufuria. Amal akalipiga picha lile bango, akaivuta karibu, akaikuza mpaka nyuzi zikaonekana.

"Mama, hii si ile ya babu?"

"Ndiyo hiyo."

Siku hiyo Bi Thuwaiba hakushona hata kitundu kimoja cha kazi ya watu.

Sasa, kwa asiyemjua Abdulwahid Shee: huyu alikuwa diwani mihula miwili na safari hii anautaka ubunge. Ukimsema vibaya kule Ndau utarudi kwa kuogelea, maana ndiye aliyewapigania mpaka wakapata boti ya kubebea wagonjwa. Kiunga vilevile, kuna wamama wamewapa watoto wao jina lake. Lakini vuka uende Kililana ulitaje jina hilo hilo, watu watatema mate pembeni. Barabara ilipotaka kupita kwenye mashamba yao, yeye ndiye aliyeapa kwa msahafu kwamba atalala mbele ya matingatinga. Matingatinga yalipokuja, alikuwa amelala kwake. Asubuhi akawaambia maendeleo hayazuiwi. Kwenye grupu la "Baraza la Amu", watu mia tisa na hamsini ndani, haipiti siku bila yeye kugombewa. Wako wanaosema jizi, wako wanaosema walii, na wako wanaobadilika kulingana na nani amewapa tiketi ya ndege.

Na wiki ile alikuwa gumzo kuliko kawaida, kwa sababu alitangaza laivu kwamba anakwenda hija. Anaondoka Jumanne. Na kabla ya kuondoka atapita mtaa kwa mtaa, kisiwa kwa kisiwa, kuwaomba watu radhi.

Desturi hiyo kila mtu Amu anaijua. Ukienda hija wawazungukia uliokaa nao, waambiwa "nimekusamehe", wenda ukiwa mwepesi. Maana haki ya Mungu, Mungu atakusamehe mwenyewe akipenda, lakini haki ya mja iko kwa mja, haiombwi kwa mwengine. Watu huifanya kimya kimya, mlangoni, kikombe cha kahawa kimoja. Abdulwahid akaifanya na simu tatu na drone. Alionekana Ndau akilia begani mwa mzee. Alionekana Kiunga akimbusu bibi mikono. Vidio zikapata mioyo mpaka mitandao ikachoka.

Halafu mtu mmoja, mpaka leo haijulikani nani, akaandika chini ya vidio maneno matatu: "Na Bi Thuwaiba?"

Kufika Magharibi maneno yale matatu yalikuwa na likes mia sita.

Turudi nyuma miaka tisa, la sivyo mtaona watu wanapiga kelele bure. Wakati huo ndio mashamba ya Kililana yanataka kupitiwa. Mama mdogo wa Bi Thuwaiba alikuwa na shamba la mikorosho huko, na nyumba imetiwa alama ya rangi nyekundu, ibomolewe. Bi Thuwaiba akamuomba mumewe ruhusa ende akamsaidie kuhamisha vitu, siku mbili. Abdulwahid akampa. Akampeleka bandarini mwenyewe asubuhi, akambebea kikapu mwenyewe, akamwambia nahodha amfikishie mkewe salama. Nahodha huyo mwezi uliofuata alipata kazi Mombasa. Nani alimtafutia, msiniulize.

Kule Kililana wanawake walikaa barabarani kuyazuia matingatinga, na Bi Thuwaiba akakaa nao, kwani mama yake mdogo alikaa. Picha ikapigwa, ikasambaa. Siku ya pili Abdulwahid alikuwa na mkutano pale Mkunguni, mbele ya ngome, uwanja umefurika. Akiwa katikati ya kueleza uzuri wa barabara, mtu akamtupia neno: mkeo asema hapana, wewe wasema ndiyo, nyumba hiyo suruali avaa nani? Uwanja mzima ukacheka.

Abdulwahid hapendi kuchekwa. Akaishika maikrofoni akasema mke anayelala nje siku mbili bila idhini ya mumewe hafai kuwa mke wa kiongozi. Akasema nyote mashahidi, nimemwacha, talaka tatu.

Na watu wakapiga makofi. Hilo ndilo Bi Thuwaiba hakulisahau kuliko talaka yenyewe. Yeye alikuwa njiani kurudi. Aliambiwa na mpagazi wa bandarini, mguu mmoja ndani ya boti, mmoja nje.

Vitu vyake vililetwa kwa punda mpaka kwa babake Langoni. Sanduku lilikuja, nguo zilikuja, kopo la nyuzi lilikuja. Kofia haikuja. Alituma mtu kuiulizia, akajibiwa hakuna kofia hapa. Babake naye, mzee aliyekuwa haikosi safu ya kwanza msikitini, akaanza kuswali nyuma kabisa karibu na viatu, atoke kabla ya wengine, asipite barazani watu wameshakaa. Mwaka uliofuata akafa. Watu walisema presha.

Tangu hapo Bi Thuwaiba akawa "yule aliyelala nje". Hapiti njia kuu mchana. Na mwaka jana tu, Amal aliposwa na kijana Taufiq, posa imefika, siku imewekwa, mara mamake Taufiq, Bi Rawiya, akarudisha salamu kwamba wameulizia, wamesikia mambo ya mama mtu, basi kila mtu na kheri yake. Amal alilia siku tatu. Bi Thuwaiba hakulia. Alishona.

Basi baada ya ile komenti, Ijumaa baada ya Laasiri, mlango ukagongwa. Alikuwa Tima, dadake Abdulwahid, na sinia la mkate wa sinia limefunikwa kitambaa. Akaanza wifi yangu, wifi yangu, kama vile miaka tisa ilikuwa safari ya Matondoni, kwenda na kurudi siku moja. Kakake alikuwa anamuomba jambo dogo tu. Kesho atapita hapa, Bi Thuwaiba asimame dakani, pale mbele ya mlango, aseme "nimekusamehe", dakika mbili imekwisha. Watampiga kamera kwa nyuma, uso hauonekani. Na hata wameshachagua qaswida ya kuweka.

Bi Thuwaiba akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Tima, asubuhi ile niliyokwenda Kililana ulikuwa mlangoni. Kikapu alibeba nani?"

"Wifi, hayo ya zamani."

"Kikapu alibeba nani?"

Tima akaangalia mkate. Alikuwa na uso wa mtu aliyemeza mwiba na anaona haya kukohoa.

"Mwambie nitafikiri," akasema Bi Thuwaiba. "Na sinia rudi nalo, mimi nimefunga." Hakuwa amefunga. Amal aliona uchungu, mkate ulikuwa unanukia hiliki.

Ile "nitafikiri" ilifika mtandaoni kabla Tima hajafika nyumbani. Na hapo ndipo nilipojua, watu ni upepo. Asubuhi walikuwa wanamlilia Bi Thuwaiba maskini ya Mungu. Kufika usiku ashakuwa mwanamke jeuri, ataka kumzuilia mtu hija yake, ndio maana aliachwa. Mtu akaweka sauti ya dakika nne akisoma aya kuhusu msamaha, na huyo mtu mwenyewe hajasema na ndugu yake tangu mzozo wa ukuta wa choo.

Amal alikuwa amechemka. Alikuwa na vidio tayari kichwani: picha ya kofia, kisa chote, amtaje nahodha, amtaje shangazi yake Tima, aiachie iende. Mamake akamkatalia.

"Ukisema wewe, ni maneno ya mtoto wa mtalaka. Akisema yeye, ni ushahidi. Nataka aseme yeye. Neno lilitokea Mkunguni, na lirudi Mkunguni."

"Na akikataa?"

"Ataombwa na watu wake mwenyewe."

Sikia sasa alivyolitega. Jumamosi asubuhi kuna darsa ya wanawake ya Sheikh Husseini, na inarushwa redioni, hata wanaume husikiliza na kujifanya wanasubiri habari. Mwisho wa darsa sheikh husoma maswali yanayotumwa kwa simu. Bi Thuwaiba akamtamkia Amal, Amal akaandika, bila jina. Sheikh akalisoma kwa sauti: mtu amemsingizia mwenziwe mbele ya kadamnasi, sasa ataka radhi ya mlangoni, na maneno yenyewe ni "kama nilikukosea". Je, yamfaa?

Sheikh akavua miwani. Akasema haimfai. Aliyemchafua mtu mbele ya watu, atubie mbele ya watu hao hao, na alitaje kosa lake kwa jina, ajikadhibishe kwa ulimi ule ule. Kisha mwenye haki ana hiari yake. Na akasema mwenye kusamehe ndiye bora.

Amal akakata kipande cha sekunde arubaini na tano akakisambaza. Lile neno la mwisho, la mwenye kusamehe, likabakia nje. Simu ilijaa, alisema.

Wacha kuwake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa swali la nani. Kabla ya Adhuhuri vijana wa Mkomani, wa Langoni, mpaka wahamiaji wa bara wanaouza simu, wote wanaandika neno moja: Mkunguni. Wapinzani wake wakaingia na vuvuzela. Lakini hata wafuasi wake wakaanza kumuomba, mheshimiwa, kamalize tu, utakwendaje hija na doa. Kutoka Ndau, Ndau kwenyewe, mzee aliyeliliwa begani akatuma sauti akasema mimi nimekusamehe mwanangu, lakini mimi hukunikosea kitu.

Abdulwahid akakubali. Na kusema kweli alikubali kwa furaha, kwa sababu mtu wake wa kampeni, Zein, kijana wa suti na mafuta ya nywele, alimwambia mwanamke huyu katupa uwanja bure. Watu elfu mbili bila kununua hata soda. Utasema lile neno la kawaida, atasema nimekusamehe, utalia kidogo, kiti hicho hapo. Mwanamke miaka tisa hajapita njia kuu mchana, atathubutu kusema nini kwenye maikrofoni?

Hesabu ilikuwa nzuri. Ila walisahau kwamba mtu akikaa ndani miaka tisa, ana muda wa kuchagua maneno.

Jumapili baada ya Laasiri Mkunguni palikuwa hapana pa kuweka mguu. Wanaume chini ya miti na kwenye mabenchi, wanawake kwenye ngazi za ngome, watoto juu ya ukuta, punda mmoja kakwama katikati na mzigo wa mawe hawezi mbele wala nyuma. Simu zimeinuliwa kama mikono ya dua. Sheikh Husseini kapewa kiti. Abdulwahid kaja na kanzu nyeupe, koti la rangi ya kahawia, na kofia.

Bi Thuwaiba alikuja kwa njia kuu. Buibui lake, mkoba wake, Amal nyuma yake na simu. Watu wakapisha. Alipopewa maikrofoni ya pili akaishika kwa mikono yote miwili.

Abdulwahid akaanza. Akasifu, akamswalia Mtume, akatoa kitambaa kabisa mfukoni. "Bi Thuwaiba, mbele ya Mungu na watu wangu wa Amu, nakuomba radhi kwa lolote nililokukosea, kwa kujua na kwa kutojua."

Zein akapiga makofi, kundi lake likapiga, na wengine wakafuata kama kawaida ya makofi. Bi Thuwaiba akangoja yaishe yote, mpaka la mwisho.

"Lolote ni lipi, Bwana Abdulwahid?"

Pale aliposema "Bwana", si "Mheshimiwa", watu waliguna. Abdulwahid akatabasamu lile tabasamu la bango. Akasema mambo ya mume na mke yana sitara yake.

"Sitara ungeiweka siku ile, hapa hapa uliposimama. Sheikh kasema litajwe. Litaje."

Abdulwahid akamtazama sheikh. Sheikh akatazama tasbihi yake. Huko nyuma, karibu na punda, mtu akasema litaje, si kwa ukelele, kama anayemkumbusha mtu kufunga mlango. Mwengine akarudia. Mara uwanja mzima.

"Nilisema maneno," akasema Abdulwahid. "Kuhusu wewe kulala nje."

"Nililala wapi?"

"Kililana. Kwa mama yako mdogo."

"Kwa idhini ya nani?"

Kipaza sauti kikawa kinatoa pumzi zake tu, fuu, fuu. Zein alikuwa anamfanyia ishara ya kukata shingo, yaani malizia. Na pale kwenye ngazi za wanawake Tima akasimama, sinia hana, uso umemsawijika. Hakupaza sauti. Akasema, "Sema, ndugu yangu. La sivyo nitasema mimi."

"Idhini yangu," akasema Abdulwahid.

"Na kikapu mpaka bandarini alibeba nani?"

"Nilibeba mimi."

"Basi uliposema sina idhini ulikuwa wasema nini?"

"Uwongo."

"Walio juu ya ngazi hawakusikia."

Akasema tena, kwa maikrofoni, na spika zikalipeleka mpaka baharini: nilisema uwongo. Hapakuwa na aliyepiga makofi. Wanaume wazima waliangalia viatu vyao, maana wengi wao walikuwepo siku ile, na mikono yao ilikuwa inajijua.

Miaka tisa Bi Thuwaiba alikuwa anajiuliza neno hili likitoka atahisi nini. Alidhani atahisi kushiba. Akahisi njaa.

"Na jengine?" akauliza.

Abdulwahid akakodoa macho. Alikuwa hajui. Wallahi ilionekana hajui, jasho linamshuka, anapekua kichwa kama mtu anayetafuta funguo gizani. Na mtu akiogopa hivyo hutoa hata asichoulizwa. Akasema, ni lile la mzee? Kwamba sikuja mazikoni? Akasema, ama ni lile la posa ya Amal? Kwamba babake Taufiq alikuja kuniuliza, mimi kama walii wa msichana, kama ni kweli yale ya mamake, na mimi nikamwambia hayo siwezi kuyasemea?

Hapo simu ya Amal ikashuka. Kwa mara ya kwanza tangu aijue simu, Amal aliishusha mwenyewe.

Hawakuwa wanajua. Si mama, si mtoto. Walidhani Bi Rawiya alisikia ya mitaani, kumbe aliulizwa mwenyewe, baba mtu, naye kwa neno moja la kukwepa akamzika bintiye ili uwongo wake usifukuliwe.

Sauti ya Bi Thuwaiba ilipotoka ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulimtisha hata sheikh, akainua kichwa.

"Hilo sikuwa nalijua. Umenipa mwenyewe, ahsante. Mimi nilikuwa naulizia kofia."

"Kofia?"

"Hiyo. Shika upande wa kushoto, juu ya sikio. Mna vitundu kumi na vinne havijatobolewa. Nilikuwa namshonea baba yangu, na siku uliyoniacha ndipo nilipokomea. Nilituma kuiulizia, ukasema haiko. Yeo waivaa kwenye mabango, na Jumanne wataka kwenda kwa Mungu na kitu cha maiti kitwani."

Mkono wa Abdulwahid ukapanda wenyewe, ukapapasa. Na watu elfu mbili wakaona vidole vinafika pale juu ya sikio na kusimama.

"Mrudishie mwenyewe," akasema Sheikh Husseini. Hiyo tu.

Akaivua.

Lahaula. Mtu huyu alikuwa akipaka nywele zake rangi nyeusi, lakini pale zinapoonekana tu, chini ya ukingo wa kofia. Juu palikuwa peupe pepepe, upara katikati na mvi pembeni, kama sufuria ya wali iliyoungua kando. Ukuta wa watoto ukaanza kucheka, kisha mabenchi, kisha ngazi, mpaka punda akapiga kelele naye. Kicheko kile kile cha miaka tisa, pale pale, ila safari hii kilikuwa kinakwenda upande mwengine. Zein akamkimbilia na kofia ya kampeni, ile yenye ukingo wa plastiki mbele na sura ya mheshimiwa mwenyewe. Abdulwahid akaisukuma.

Akamsogelea Bi Thuwaiba, maikrofoni kaishusha, akamwambia kwa chini amuachie walau afike nayo nyumbani, atairudisha kesho. Amal ndiye aliyesikia jibu, na kwa Amal ndiko nilikolipata.

"Huko wendako wanaume wote hukaa kitwa wazi," mamake akasema. "Anza kuzoea yeo."

Kisha akaipandisha maikrofoni. Akasema lile la Mkunguni, mbele ya watu wale wale, nimekusamehe, nenda kahiji. La baba yangu, mwenyewe yuko aliko, mtakutana. La Amal si langu, muulize Amal.

Abdulwahid akageuka kwa bintiye, kichwa wazi, ile rangi nyeusi imeanza kuyeyuka kwa jasho inamchirizika mashavuni.

"Uje nyumbani ukirudi," akasema Amal. "Bila kamera. Nitafikiri."

Watu walidhani imekwisha, wakaanza kusogea. Bi Thuwaiba hakuwa ameirudisha maikrofoni.

"Na nyinyi mlopiga makofi siku ile," akasema, "simlazimishi mtu. Mimi nakaa Langoni. Mlango wangu mwaujua, maana miaka tisa mwaupita mbio."

Akaiweka kando ya kiti cha sheikh kama anayelaza mtoto, akatia kofia mkobani, akarudi kwa njia kuu. Barazani watu walisimama. Asalaam aleikum Bi Thuwaiba, asalaam aleikum Bi Thuwaiba, kulia na kushoto. Akajibu zote, salamu kujibiwa ni wajibu. Mazungumzo si wajibu.

Usiku ule grupu la "Baraza la Amu" liliwaka mpaka admini akalifunga. Ndau walisema bado kura ni yake, aliyekiri si kama aliyeficha. Kililana walisema hata sisi tunangoja zamu yetu ya kutajiwa. Mmoja akasema mwanamke yule amezidi, kumvua mtu mzima kofia hadharani si ubinadamu. Akajibiwa na watu sabini. Jumanne Abdulwahid akaondoka na ndege ya asubuhi, na aliyempiga picha akipanda anaapa mheshimiwa alikuwa amenyoa upara wote.

Jumanne hiyo hiyo Bi Thuwaiba alikaa dirishani, mbele ya lile bango ambalo mtu kashalichora kichwa kwa makaa, akaipakata kofia ya babake. Akatoboa kitundu cha kwanza kati ya kumi na vinne. Amal akamuuliza akimaliza ataivaa nani. Akasema hajui, atakayestahili atajulikana, lakini haitabaki nusu.

Mlango ukagongwa.

Amal akachungulia chini, akarudi na macho yametoka. Alikuwa Bi Rawiya, mamake Taufiq, kavaa buibui jipya, sinia kubwa kuliko la Tima. Bi Thuwaiba akasema apande. Akapanda, akakaa ukingoni mwa kiti, akapangusa jasho, akasifu nyumba, akasifu hewa. Bi Thuwaiba alikuwa anatia uzi kwenye sindano, jicho moja kalifumba, hana haraka na dunia.

"Bi Thuwaiba," akaanza mgeni, "tumekuja mimi na nafsi yangu kukuomba radhi, kwa lolote tulilokukosea, kwa kujua na kwa kutojua."

Uzi ukaingia. Bi Thuwaiba akauvuta mpaka mwisho, akapiga fundo, akainua uso.

"Lolote ni lipi, Bi Rawiya?"